Mkono Uliompiga Shija

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeniumba bila kunitaka ushauri, akanipa kazi nisiyoistahili, akanifikisha siku ya kukabidhi funguo za kabati nikiwa na akili zangu na magoti yangu yote mawili. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na kila aliyejitahidi kuwatendea watu haki.

Ama baada ya hayo. Wanangu wa ofisini, siku ile mliponiandalia chai ya kuniaga mliniomba niandike niliyoyaona. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Hizo zimo kwenye jalada langu, na jalada lile ni nene kuliko mambo yenyewe. Nitaandika habari ya siku ya kwanza, ya mwalimu wangu, na ya kuli mmoja wa Kariakoo aliyenifundisha kazi kuliko chuo.

Kwa msomaji asiyetujua: sisi ni maofisa wa probesheni. Mtu akishatiwa hatiani, hakimu kabla ya kutoa adhabu huweza kutuuliza, huyu ni nani hasa? Basi tunakwenda nyumbani kwake, kazini kwake, kwa waliomlea, tunarudi na kurasa chache. Kwa kurasa hizo mtu huenda jela au hubaki nje chini ya uangalizi wetu. Kazi yetu, kwa ufupi, ni kutafuta kwa nini. Na hapo ndipo penye mtego.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai na viatu vipya. Mkuu wangu alikuwa Mama Nirmala, Mhindi aliyezaliwa mitaa miwili kutoka sokoni, baba yake muuza vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu. Alinitazama kuanzia juu, akaishia chini.

"Seif, hivyo viatu vya harusi. Kesho vaa vya kukanyagia maji ya samaki."

Akanipa kaunta buku, penseli mbili na kifutio. Nikamwuliza kwa nini si kalamu.

"Kalamu ya wino inajiamini mno," akasema. "Wewe bado."

Akanipa na amri mbili. Ya kwanza, anza kwa aliyeumizwa, ndipo uende kwa aliyeumiza, kwa sababu ukianza kwa huyu wa pili utampenda, na ukishampenda hutasikia tena. Ya pili, taarifa ukimaliza, msomee mwenyewe kabla ya kumpelekea hakimu. Mtu asisikie habari za maisha yake kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mama yule alikuwa akisali kwake nami nasali kwangu, na mwezi wa Ramadhani alikuwa hali kitu mbele yangu ingawa sikuwahi kumwomba. Mungu amlipe.

Miaka miwili ya mwanzo nilijifunza kusikiliza visingizio. Kilichoongoza vyote, mnakijua hadi leo, ni hiki: "Afisa, shetani alinipitia." Mwizi wa vitenge shetani alimpitia. Aliyemvunja mwenzake meno kwenye foleni ya maji shetani alimpitia. Kwa maelezo ya watu wangu, ibilisi hana shughuli nyingine duniani ila kupita Kariakoo, tena saa za kazi. Wengine walisema "ilikuwa imepangwa", na mimi niliyesoma madrasa tangu sijaota meno ya pili sikuweza kuwakatalia moja kwa moja. Sheikh wangu alitufundisha kwamba hakuna jani linaloanguka ila kwa kudra ya Mungu, na kwamba kila mmoja wetu ataulizwa alichofanya kwa mikono yake. Tulipomwuliza yanakaaje pamoja hayo mawili, alisema, "Yashikeni yote, msiangushe hata moja." Nikiwa mdogo niliona amekwepa swali.

Mwaka wa tatu likaja jalada la Pazi.

Pazi alikuwa Mzaramo, kuli kwenye ghala la vitunguu, mtu mpana, mkimya. Rafiki yake wa kazini alikuwa Shija, Mnyamwezi, mwembamba, asiyenyamaza. Walibeba magunia pamoja miaka mingi, na walikuwa watani, kama walivyo Wazaramo na Wanyamwezi tangu babu zao. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana, kukucheka, hata msibani kwako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Siku alipozikwa mama yake Pazi pale Ilala, Shija alijilaza mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka akabidhiwe sufuria ya marehemu, maana ndiyo iliyomlisha kuliko mkewe. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Pazi naye alicheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kumshika mfiwa asizame.

Mama huyo, alipokuwa hai, kila siku mchana alimletea mwanawe chakula ghalani kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga. Alisimama pembeni mwa mlango akaita, "Pazi mwanangu, njoo ule kabla hakijapoa!" Soko zima liliijua sauti ile.

Siku ya tatu baada ya maziko Pazi alirudi kazini. Mchana ulipofika, Shija alijitanda kanga, akasimama palepale pembeni mwa mlango, akaita kwa sauti ileile: "Pazi mwanangu, njoo ule kabla hakijapoa!"

Pazi alikuwa na ndoano ya kukamatia magunia mkononi. Aligeuka akampiga nayo. Ilimwingia Shija mkono wa kulia juu ya kiganja, ikakata mishipa ya vidole. Pazi mwenyewe ndiye aliyemfunga kwa ile kanga na kumkimbiza hospitali, na baadaye akaenda kujisalimisha polisi. Mahakamani akakiri kosa. Hakimu akaahirisha, akataka taarifa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Shija alikuwa bado wodini na nilikuwa na haraka, basi sikuanza kwake. Nilianza kwa Pazi. Na kama Mama Nirmala alivyonionya, nikampenda. Nikaenda kwa shangazi yake Ilala, nikasikia jinsi baba yao alivyokuwa akiwapiga kwa mkanda wa ngozi, akianza na Pazi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikasikia alivyoacha shule kubeba mizigo. Nikasikia kwamba tangu msiba hakuwa amelala siku tatu. Kila mlango niliobisha nilipata sababu moja zaidi, na kila sababu ilinifurahisha kama fundi aliyepata msumari unaofaa. Nikaandika kurasa nne. Nikaandika kwamba alichokozwa, maana chuoni tulifundishwa kwamba uchokozi hupunguza adhabu. Nikamaliza kwa sentensi niliyojivunia: "Kwa malezi haya na hali hii, mtu yeyote angefanya hivyo."

Pazi alikuwa nje kwa dhamana. Nikamwita, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nilingoja ashukuru.

"Afisa," akasema, "huyo uliyemwandika ni nani?"

"Ni wewe, Pazi."

"Mimi simo humo. Humo yumo baba, umo mkanda, umo usingizi, yumo Shija na kanga yake. Ndoano ilishikwa na nani?"

Nikamweleza kwamba yote yale ni ya kumsaidia.

"Najua, na nashukuru. Lakini umesema mtu yeyote. Mdogo wangu Juma mkanda aliula uleule, hajapiga hata paka. Halafu umesema Shija kanichokoza. Afisa, wewe si mtu wa hapahapa? Mtani anachokoza?"

Nikaziweka kurasa zangu magotini.

"Mtani hachokozi," akasema. "Ana ruhusa. Ukiandika kanichokoza, umesema utani wetu ulikuwa uongo miaka yote." Akafuta uso kwa kiganja. "Na jambo jingine. Nimetubu kwa Mola wangu. Sasa kama aliyempiga Shija ni baba, nani ametubu? Mlete baba akamwombe Shija radhi. Yuko kaburini, haji. Niachie kosa langu, afisa. Ndilo pekee nililo nalo la kwendea kwa Shija."

Nilimpelekea Mama Nirmala kurasa zangu nne, nimekasirika kidogo, kama anavyokasirika mtu aliyekataliwa zawadi. Alizisoma taratibu, miwani ikimshuka puani.

"Umefanya kazi nyingi," akasema. "Lakini Seif, hii ni 'shetani alinipitia' iliyovaa tai."

"Mama, kila neno humo ni kweli!"

"Ni kweli yote, isipokuwa ya mwisho. Umemwona Shija?"

Akanisukumia kaunta buku langu mezani. "Nenda. Na penseli uchukue."

Shija alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli, hukohuko Ilala. Nilifika wakati wa chakula. Mkewe, shemeji zake na majirani wawili walikuwa wamezunguka sinia la ugali uani. Shija alikuwa ndani peke yake, kakaa kitandani. Nikamwuliza mkewe kama maumivu yamemzuia kula.

"Hapana," mkewe akaninong'oneza. "Anasubiri tumalize. Mkono wa kulia hausokoti tonge, na wa kushoto anaona haya mbele za watu. Atakula akiwa peke yake."

Miaka mitatu ya kazi, wanangu, na sikuwahi kuandika jambo kama hilo kwenye taarifa. Daktari aliandika vidole viwili havikunjiki. Hakuandika kwamba mtu aliyekuwa akichekesha sinia zima sasa anakula amegeukia ukuta.

Nikaingia, nikampa pole, nikamweleza nimetoka wapi. Akanitazama juu chini.

"Pazi hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu, ila anaogopa kuja."

"Aogope! Mzaramo akiacha kuogopa ataanza kufanya kazi." Akacheka, kisha akaacha ghafla, maana kicheko kilimtikisa mkono. "Wanasema umeandika nilimchokoza."

"Nani kasema?"

"Watu wa Kariakoo hao, afisa. Ukipiga chafya Mnazi Mmoja huku tumeshakuombea afya."

Nikakiri kwamba niliandika hivyo.

"Basi sikiliza. Nilimwita kwa sauti ya mama yake kwa sababu niliona saa saba imefika, anatazama pale pembeni mwa mlango. Anatazama tu, na hakuna mtu. Nikasema, bora anione mimi nikimchekesha kuliko aone patupu. Hiyo ndiyo kazi yangu kwake. Nilikosea? Labda nilimwahi mno. Lakini kuchokoza, hapana." Akaushika mkono mbovu kwa mzima. "Ukiandika nilimchokoza, mkosaji ni mimi na utani umekufa. Ukiandika sikumchokoza, wanamfunga. Na wakimfunga, nani atanitukana mimi?"

"Unataka niandike lipi?"

"Kweli. Kisha uandike na hili, kwamba Shija hana kinyongo. Aliyenipiga ni Pazi, na aliyenifunga kanga nisimwage damu yote ni Pazi huyohuyo. Usinipe mmoja ukanificha wa pili."

Nikavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kurudi ofisini nikiwa na kifutio mfukoni. Sikufuta mkanda wa baba, wala usingizi wa siku tatu, kwa sababu yalikuwa kweli na hakimu alistahili kuyajua. Nilifuta neno uchokozi. Nilifuta "mtu yeyote". Mahali pake nikaandika maneno ya Pazi kama alivyoyasema, kwamba aliyeishika ndoano ni yeye, na maneno ya Shija, na habari ya sinia. Nikaomba abaki nje chini ya uangalizi wangu. Nikamsomea Pazi tena. Nilipofika kwenye sinia aliniomba nisite kidogo. Alilia pale kwenye benchi bila kuficha uso, watu wakipita.

"Huyu sasa ni mimi," akasema.

Siku ya adhabu hakimu, mtu mzima, mpole, aliisoma taarifa kimya, akainua macho.

"Afisa, naona mambo mengi ya kumhurumia mtu huyu. Lakini sioni popote umesema alichokozwa. Je, alichokozwa?"

Nilijua neno "ndiyo" lingemtoa Pazi nje ya mlango ule jioni hiyohiyo. Nilimtazama kizimbani, naye alinitazama kwa macho ya mtu anayekuomba usimwangushie mzigo.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Walikuwa watani."

Hakimu akavua miwani. "Basi kampiga mtu asiyemkosea chochote, tena kwa chuma." Akampa miezi mitatu jela. Alisema ingekuwa mingi zaidi kama si maneno ya Shija na machozi ya Pazi aliyoyaona pale kizimbani.

Wiki zile sikula vizuri. Nilijiambia ndivyo ilivyokadiriwa, na sikuwa nasema uongo. Lakini nilipolisema neno hilo kwa ajili ya kujipoza nililisikia mdomoni mwangu likiwa na ladha ileile ya "shetani alinipitia". Kudra ni ya kumshukuru Mungu na kuwahurumia watu. Nilikuwa naitumia kujifichia. Nikaenda gerezani.

"Pazi, nimekuja kuomba radhi. Aliyesema hapana ni mimi. Hakimu aliniuliza mimi."

Akatabasamu nyuma ya wavu. "Na ukiulizwa tena?"

"Nitasema hapana."

"Basi si radhi hiyo, umekuja kuniamkia. Karibu." Kisha akasogeza uso. "Shija anakula vipi?"

"Bado peke yake."

Alihesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Alipotoka sikwenda kumpokea, kwa kuwa Mama Nirmala alinikataza. Alisema mtu anapotoka jela asikute afisa mlangoni. Nilingoja siku chache, nikapita ghalani mchana. Mwenye ghala alikuwa amewarudisha wote wawili, Shija akiwa msimamizi wa kuorodhesha magunia, kazi inayohitaji mdomo kuliko vidole. Nyuma ya ghala makuli kama wanane walikuwa wamezunguka sinia, ugali na dagaa. Na Shija alikuwemo kwenye duara, mkono mbovu kaulaza pajani. Pazi alikaa kuliani kwake, akisokota tonge, akilichovya, akimtia mdomoni.

"Tonge gani hili? Unalisha ng'ombe?" Shija akalalamika akitafuna.

"Kwani kwenu wanakula madogo? Fungua mdomo, Mnyamwezi, wenzako wana kazi."

"Mzaramo anayejua kazi! Wallahi nimeishi nikayaona."

Kuli mmoja akasema hao sasa bwana na bibi harusi, na duara zima likacheka. Nilisimama nyuma ya magunia, sikutaka wanione. Ndipo Shija alipogeuza uso, akasafisha koo, na kwa sauti ileile ya marehemu, bila kukosea hata kidogo, akaita:

"Pazi mwanangu, njoo ule kabla hakijapoa!"

Mtu mmoja akaacha kutafuna. Sote tulitazama mahali pamoja, mkono wa kulia wa Pazi, uliokuwa umesimama hewani na tonge. Wanangu, kila nilichokiandika katika zile kurasa nne kilikuwepo pale. Malezi yalikuwa yaleyale. Msiba haukuwa umekwisha. Ilikuwa sauti ileile, mtu yuleyule, ghala lileile, na ndoano ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari, karibu, mkono unaifikia.

"Nakuja, mama," Pazi akasema, na akamtia Shija tonge mdomoni.

Msomi ataniambia hata jela nayo ni sababu, na kilio cha kwenye benchi ni sababu, na kwamba mkono ule haukuwa na njia nyingine. Sibishani naye. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utu uzima na bado nayashika yote mawili aliyonipa sheikh wangu, na mikono yangu imechoka, lakini sijaangusha. Ninachojua ni kidogo. Nikitazama kosa la mwenzangu, natafuta sababu zake, mpaka ya mwisho. Nikitazama kosa langu, natafuta mkono wangu. Na lile jema ambalo watu walinisifia siku ya chai, subira yangu, hilo nalijua lilikotoka. Mama yangu alikuwa na subira, na Mama Nirmala alinipa kifutio. Nimepewa tu, na aliyepewa hushukuru.

Kaunta buku nimewaachia kwenye droo ya chini. Penseli moja bado nzima.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukuhurumia kwa yale usiyoyachagua, na ujasiri wa kusema "ni mimi" kwa yale uliyoyafanya. Akupe mtani asiyekuacha upotezwe na msiba. Na siku mkono wako utakaposimama hewani, mwenyewe hujui utashukia wapi, aushushe penye heri. Amina.